Tuisome Viza Kabla ya Kuuza Ng'ombe

Mwaka 1968 mikoa yetu ya Ziwa ilichaguliwa kufanyiwa majaribio ya kisomo chenye manufaa, na Mwanza ikawa makao ya mradi huo. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Sababu ilikuwa wazi. Mkulima aliyeweza kusoma mizani na stakabadhi hakupunjwa kwa urahisi. Mimi nasema kwamba siku hizi ipo karatasi nyingine ambayo kwayo tunapunjwa kuliko mizani ya pamba. Karatasi hiyo ni viza.

Angalieni mambo yanavyokwenda vijijini. Anakuja mtu na simu mkononi. Anaonyesha picha ya karatasi yenye maandishi ya Kiingereza na Kiarabu. Anasema, "Viza ya binti yenu imekwisha toka. Safari ni wiki ijayo." Baba anauza ng'ombe wawili. Mama anauza mpunga uliokuwa ghalani. Mjomba aliye mwaloni anauza nyavu. Fedha zinalipwa, na mara nyingi bila stakabadhi. Katika ukoo mzima hakuna aliyeuliza swali moja dogo: ni viza ya nini?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Watu wengi hudhani viza ni moja tu, kama tiketi ya meli. Ukiwa nayo umepanda, usipokuwa nayo umebaki gatini. Sivyo. Viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi ya watu kwa jambo lililotajwa na kwa muda uliotajwa. Ni kama kupiga hodi. Mwenye nyumba akikuitikia "karibu", amekukaribisha ukae barazani uzungumze naye. Hakukuambia uingie chumbani ulale, wala ufungue duka uwanjani kwake. Na hata ukiwa na viza, ofisa wa uhamiaji wa mpakani ana haki ya kukuuliza maswali, na akiona majibu hayalingani na karatasi aweza kukurudisha.

Sisi tuna methali ya kale: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni methali nzuri, lakini serikali za ugenini haziifuati. Kwao, aliyeingia kwa viza ya matembezi hapewi jembe siku ya tatu, wala siku ya thelathini. Akilishika mwenyewe amevunja sheria. Aliyempa jembe naye kavunja sheria, lakini kwa kawaida anayekamatwa kwanza ni mgeni.

Basi ziko viza za matembezi, za masomo na za kazi, na ziko za matibabu na za kupita njia tu. Kila moja ina masharti yake. Kwa mfano, viza ya matembezi ya nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Maneno haya yameandikwa kwenye viza yenyewe: aina, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, idadi ya siku, na mara ngapi waweza kuingia. Mtu aliyehitimu darasa la kisomo aweza kuzisoma tarehe hizo hata kama hajui Kiingereza. Kuhusu maneno mengine, mwalimu wa shule ya msingi yupo. Kumwuliza si aibu. (Wazee wa kwetu hutania kwamba jina lenyewe ni onyo, maana katika Kiswahili yai viza ni lile lililoharibika ndani huku ganda likiwa zima.)

Tuanze na safari za karibu, kwa kuwa ndizo nyingi. Sisi wa pwani ya Ziwa tumezoea kuvuka. Wazee wanakumbuka meli ya Victoria ikizunguka Mwanza, Bukoba, Port Bell na Kisumu wakati wa Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Jumuiya ya sasa ilitiwa sahihi Arusha mwaka 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi tarehe 1 Julai 2010. Kwa sababu hiyo Mtanzania haombi viza kwenda Kenya au Uganda. Hufika Sirari au Mutukula na hati yake ya kusafiria, hugongewa mhuri, na kama mgeni aweza kupewa muda wa hadi miezi sita.

Hapo ndipo tunapokosea. Tunasema, "Jumuiya ni moja, hakuna viza," kisha kijana anapanda basi la Sirari akiwa na kitambulisho cha taifa tu mfukoni. Amesikia kwamba Wakenya na Waganda hutembeleana kwa vitambulisho. Ni kweli, utaratibu huo ulianza mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, lakini Tanzania haikuwamo. Kijana wetu sharti awe na pasipoti, au hati ya dharura ya safari itolewayo na Idara ya Uhamiaji. Asipokuwa nayo huambiwa na vijana wa mpakani kwamba ipo njia ya panya, au upo mtumbwi wa usiku. Anafika, ndiyo. Lakini amefika kama mtu asiyekuwepo. Akidhulumiwa mshahara hawezi kwenda polisi, maana polisi watamwuliza kwanza, "Uliingiaje?"

Tena kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi. Kanuni za Soko la Pamoja zinasema mfanyakazi mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi katika siku 15 za kazi baada ya kuufunga mkataba huo. Ni vijana wangapi wanaovuta nyavu katika mialo ya ng'ambo, au kuuza dagaa huko, waliowahi kusikia habari ya siku hizo 15? Nadhani ni wachache sana. Siwalaumu wao. Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na hakuna aliyezileta mwaloni.

Sasa tutazame safari za mbali, hasa za mabinti zetu kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Katika nchi hizo mfanyakazi wa kigeni huingia kwa udhamini. Mdhamini wake, ambaye Waswahili wa huko humwita kafili, ndiye mwajiri, na kibali cha kukaa nchini hufungamana na jina lake. Mfanyakazi akitoroka kwa sababu ya mateso, aweza kuonekana yeye ndiye mwenye kosa. Mwaka 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania waliokwenda Oman na Falme za Kiarabu. Lilizungumza na wanawake 50. Karibu wote walisema waajiri walizichukua pasipoti zao. Wengine walisema walifanya kazi hadi saa 21 kwa siku, na wengine hawakulipwa mshahara walioahidiwa. Hao ni wanawake walioweza kusimulia.

Hayo yanawapata hata walio na viza halali ya kazi. Basi fikirini hali ya yule aliyepelekwa kwa viza ya matembezi. Huyo hana mkataba unaotambuliwa, na ubalozi wetu haujui kwamba yupo. Mawakala husema, "Akifika atabadilishiwa." Zamani mambo hayo yaliwezekana mara nyingine. Lakini mwishoni mwa mwaka 2023 Oman ilitangaza kusimamisha kubadili viza za matembezi kuwa za kazi mtu akiwa ndani ya nchi. Kwa hiyo wakala anayetoa ahadi hiyo sharti aulizwe vizuri. Muda wa matembezi ukiisha, mgeni hutozwa faini, na faini hukua siku hata siku mpaka inashinda bei ya wale ng'ombe.

Wapo watu wema wanaosema dawa ni kuwazuia mabinti wasiende kabisa. Mimi sikubaliani nao. Kwanza, hatujawahi kuwazuia vijana wa kiume kwenda machimboni wala visiwani, ingawa huko nako watu hufa. Pili, binti wa miaka 25 aliyeachwa na watoto wawili, mwenye shamba la nusu eka, hazuiliki kwa maneno. Ukimfungia mlango wa mbele atapita wa nyuma, na wa nyuma ndio wenye wakala mbaya. Afadhali aende akiwa na karatasi zilizo sawa, na akijua kila karatasi inasema nini.

Karatasi zenyewe ni zipi? Ya kwanza ni pasipoti yake mwenyewe, iliyoombwa na yeye mwenyewe katika ofisi ya Uhamiaji, kwa cheti chake cha kuzaliwa na majina yake ya kweli. Pasipoti ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018, ada yake ilitangazwa kuwa shilingi 150,000, nayo hudumu miaka 10. Wakala akidai mara nne ya fedha hizo kwa pasipoti peke yake, mwambieni awaonyeshe stakabadhi ya Serikali. Akisema umri wa binti "utarekebishwa kidogo", basi mazungumzo yaishie hapo. Ya pili ni mkataba wa kazi, uliotiwa sahihi kabla ya safari, wenye jina la mwajiri, mahali, mshahara, siku ya mapumziko na nani atalipa nauli ya kurudi. Mkataba huo upitiwe na Ofisi ya Kazi hapa nchini na ubalozi wetu huko. Ya tatu ndiyo viza, nayo iseme kazi ile ile inayosemwa na mkataba. Mkataba ukisema kazi na viza ikisema matembezi, moja kati yake inadanganya.

Na wakala mwenyewe awe na leseni. Afisa Kazi wa mkoa aweza kuulizwa, na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, yaani TaESA, upo kwa kazi hiyo. Mtu anayesafirisha watu kwa hila ili wakatumikishwe anatenda kosa kwa Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara haramu ya binadamu. Hata akiwa shemeji yetu. Nasema hivyo kwa kuwa mara nyingi ni shemeji, au shangazi, au jirani aliyesali nasi.

Kuhusu masomo nitasema machache. Barua ya chuo si viza. Chuo hukubali mwanafunzi, lakini serikali ya nchi ndiyo inayomruhusu kuingia, nayo hutaka kuona ada italipwa na nani na kijana ataishi kwa fedha gani. Msikubali kutengenezewa karatasi za benki za uongo. Uingereza, kwa mfano, aweza kunyimwa viza kwa miaka 10 mtu aliyeomba kwa udanganyifu. Na kabla ya kulipa ada, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa. Mtoto akisoma sekondari Kenya au Uganda, cheti chake hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Wazazi wengi wa Mara na Kagera wanalijua hili, lakini wengine hulijua mtoto akiwa amekwisha rudi.

Serikali nayo nina neno nayo. Anayekaa Ukerewe au Sengerema husafiri zaidi ya kilometa 1,000 kwenda Dar es Salaam kupeleka maombi ya viza katika balozi nyingi, na huko hukuta fomu ya lugha asiyoijua. Wakala anastawi katika umbali huo. Kama Uhamiaji na Ofisi ya Kazi wangeleta maelezo yao kwa Kiswahili chepesi, yakabandikwa kwenye mialo, magulio na ofisi za vijiji, biashara ya mawakala wabaya ingepungua bila kumkamata mtu hata mmoja. Tulibandika picha za kipindupindu, kwa nini tusibandike picha ya viza?

Wakati tunangoja hayo, kila darasa la kijiji laweza kufanya jambo moja. Familia yenye mtu anayesafiri ilete nakala za pasipoti, viza na mkataba, zisomwe darasani neno kwa neno, tarehe kwa tarehe, kabla fedha hazijatoka. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, pamoja na namba ya simu ya mwajiri na ya ubalozi wetu wa nchi ile. Siku binti akikaa kimya miezi miwili, mama yake asianze kutafuta jina la tajiri katika kumbukumbu ya simu iliyokufa betri. Aende ofisi ya kijiji, faili lifunguliwe, na simu ipigwe siku ile ile.