Saa Si Zetu

“Panga muda wako vizuri.” Kila mwanafunzi mpya huambiwa hivyo, utadhani saa ni zake. Mimi niliacha chuo, lakini hapa Lanet bado naona wenzangu wakitoka alfajiri: matatu moja hadi mjini Nakuru, nyingine hadi Njoro, ndipo wafike Egerton. Jioni ni kibarua, maana pesa za HELB hazijaingia. Sasa saa za kusoma zitoke wapi?

Halafu kuna serikali. Septemba 17, 2025, wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021. Mgomo ulidumu siku 49. Wiki saba nzima, karibu nusu ya muhula! Kwani nani aliiambia Hazina ijifunze kupanga muda?

Uzembe upo, sikatai. TikTok inakula usiku wa watu. Lakini mwenye pesa ndiye mwenye saa. Lipeni wahadhiri, toeni mikopo kabla muhula haujaanza, kisha mje na mahubiri yenu ya ratiba. Hapo tutawasikiza.