Volkano ya Mbali Nayo Yatuhusu

Wapo wanaodhani kwamba milima ya Usambara ilitokana na volkano, kama Kilimanjaro. Sivyo. Mawe ya Lushoto ni ya kale mno. Yaliinuliwa na nguvu za ardhi, wala hayakumwagwa na moto. Mwananchi wa Soni au Mlalo hana sababu ya kuhofu kwamba mlima wake utalipuka.

Hata hivyo, uzembe usichukue nafasi ya hofu. Tambora, huko Indonesia, ililipuka mwaka 1815. Vumbi na moshi wake ukafifisha jua, na mwaka 1816 mazao yakaharibika Ulaya na Marekani, njaa ikaingia. Krakatoa ikafuata mwaka 1883, na mwaka 1884 mawe yake mepesi yakaelea hadi fukwe za Zanzibar. (Io, mwezi wa sayari ya Mshtarii, una volkano nyingi, ila huko hakuna mkulima.) Mwaka 2005 majivu ya Mlima Karthala yalichafua maji ya mabirika ya Wangazija.

Tambora nyingine ikitokea leo, bei ya nafaka itapanda duniani, na visiwa vinavyonunua mchele ng'ambo vitaumia kwanza. Hapo viazi na mboga za Lushoto zitatafutwa sana. Twaiomba Serikali iliingize jambo hili katika mipango yake ya maafa: akiba ya nafaka iongezwe, mabirika ya visiwani yafunikwe, na barabara ya Mombo hadi Lushoto, ambayo maporomoko huisumbua wakati wa mvua kubwa, iimarishwe kabla ya masika yajayo.