Nusu Mshahara wa Ganze
Agizo la kima cha chini cha mishahara la mwaka 2024 liliigawa Kenya mafungu matatu: miji mikubwa, miji ya kadiri, na kwingineko kote. Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, imo humo kwenye kwingineko. Kwa agizo hilo, kibarua wa Mombasa alitakiwa kisheria apate zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Mwenzake wa Bamba au Vitengeni, humo Ganze, kama 8,600 hivi. Hoja ni ile ya zamani, kwamba wa kijijini ana shamba, hanunui kila kitu. Nani alimwonyesha mtunga sheria shamba la Ganze? Mvua ikikosekana, mahindi hukauka yakiwa kimo cha goti, na mkulima huingia dukani kununua unga uleule wa pakiti anaokula mtu wa Mombasa, ila huu umeshabebeshwa nauli ya lori. Maji nayo ni ya jerikeni. Na hiyo 8,600 yenyewe huiona nani? Mchimba mawe na mchoma makaa hulipwa kwa kipimo, si kwa mwezi. Akiugua, sufuria haipandi jikoni. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua akitimiza mwezi kazini mfululizo ahesabiwe mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, basi wapo matajiri hodari wa kumpumzisha mtu kabla mwezi haujaandama. Waziri wa Leba angeanza kwa kulifuta fungu hilo la tatu, kisha atume mkaguzi Ganze, hata mmoja tu, mwenye pikipiki na mafuta.