Kutazama Miti Si Anasa

Tangu turudi kutoka Bustani ya Mimea ya Lilongwe, kuna neno linazunguka hapa Dzaleka: anasa. Eti watu wanaopunguziwa mgao wa chakula wanapanda basi kwenda kutazama miti! Nimeyasikia kwa wanafunzi wenzangu, na hata kwa mwalimu mmoja ninayemheshimu. Kwa heshima hiyo hiyo, nampinga.

Sisi ni wanafunzi wa Kiswahili. Wengi wetu tumezaliwa au kukulia kambini, mahali palipofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu 10 hivi, na sasa pana zaidi ya elfu 50. Miti ya karibu iligeuka kuni na makaa zamani. Kwa hiyo tukikuta "mninga" katika riwaya, tunafungua kamusi, tunaandika "mti wa mbao", tunapita mtihani. Mti wenyewe hatuujui.

Kule bustanini tulisimama chini ya mti ambao Wachewa huuita mlombwa. Mwenzetu ambaye wazazi wake walitoka Katanga akacheka: nyumbani kwao husema mulombwa. Mwingine, aliyelelewa Kigoma, akaokota tunda lake, bapa na la mviringo, lenye miiba katikati na ukingo mwembamba kama wa kofia. "Jamani, si mninga huu!" Ukazuka ubishi: je, mulombwa si Kiswahili kwa kuwa tu kamusi za Dar es Salaam zinasema mninga? Tulibishana mpaka tukaambiwa muda umekwisha. (Mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa la Malawi, nao uliwatatiza waliodhani mierezi ni ya Lebanoni tu.) Nitajieni mhadhara uliowahi kutuchemsha hivyo.

Basi anasa iko wapi? Nauli tulichanga wenyewe. Lilongwe haifiki kilomita 50. Kilichoikuza safari ni kibali. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilitangaza kwamba haifungwi na baadhi ya vifungu, kikiwamo cha 26, kinachohusu uhuru wa kwenda utakako. Mwaka 2023 serikali ikaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Ndiyo maana matembezi ya asubuhi hadi jioni yalitugharimu wiki tatu za kufuatilia karatasi, na wenzetu wawili wakabaki kwa sababu majina yao hayakutoka.

Anayesema mwenye njaa asitake kitu kingine mpaka ashibe anaifanyia kazi sera hiyo bila mshahara. Mgao ule ule nami ninaula. Kwa hesabu yake, hata darasa hili la Kiswahili lifungwe kesho.

Makao makuu ya bustani za mimea za taifa yako Zomba. Naomba walimu wetu waiweke Zomba kwenye ratiba ya muhula ujao, waombe vibali vya darasa zima mapema, na majina ya wale wawili yaandikwe juu kabisa.