Goma: Mchezo ukikwama laivu, usikimbilie kununua kompyuta mpya

Mjini Goma, wapo vijana ambao hawatosheki tena na kucheza kati yao kwenye vyumba vya PlayStation vya Majengo, Katindo ao Ndosho. Wanarusha michezo yao moja kwa moja, yaani laivu, kwenye YouTube, Facebook, TikTok ao Twitch, na kuitangaza kwa Kiswahili kama vile mtangazaji wa mpira redioni. Shida ni chombo. Wengi wana kompyuta ya mkono wa pili iliyokwisha kuzeeka. Dakika kumi hazijapita, picha inaganda, sauti inakatika, watazamaji wanaondoka mmoja mmoja. Na ushauri wanaopewa ni ule ule: nunua mashine yenye nguvu.

Kwa wengi ushauri huo ni hasara. Mashine hiyo ni dola mia kadhaa. Katika mji ambako benki zilifunga milango M23 ilipoingia mwishoni mwa Januari 2025, na uwanja wa ndege ukafungwa pia, dola mia kadhaa hazitoki mfukoni tu. Zinatoka kwenye karo ya wadogo ao kwenye mtaji wa mama sokoni. Kama kumbe kosa lilikuwa la intaneti, mashine mpya itakwama vilevile, na pesa haitarudi.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupima. OBS Studio, programu ya bure inayotumiwa na watu wengi duniani kurusha video, ina dirisha la takwimu ambalo vijana wengi hawalifungui. Humo mna hesabu tatu za picha zilizopotea. Ya kwanza ni picha ambazo kompyuta ilichelewa kuzichora. Ya pili ni zile ilizoshindwa kuzibana kwa wakati ili zitumwe. Ya tatu ni zile zilizopotelea njiani, kwenye mtandao. Hayo ni magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake. Anayetumia dawa moja kwa yote matatu anapoteza muda na mega.

Hesabu ya pili ikipanda, prosesa imelemewa. Hapa wengi wanasahau kwamba kompyuta inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inaendesha mchezo, tena inabana video. Lakini kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel Core zilizotoka tangu mwaka 2011 zina sehemu maalum ya kubana video, iitwayo Quick Sync. Kadi nyingi za NVIDIA na AMD nazo zina sehemu kama hiyo. Ukiichagua katika mipangilio ya OBS, prosesa inapumua. Kama haipo, chagua njia ya kubana iliyo nyepesi zaidi, na punguza ukubwa wa video inayotoka: kutoka 720 hadi 480 ao hata 360, kwa picha 30 kwa sekunde.

Hesabu ya kwanza ikipanda, kadi ya picha imechoka. Zuia mchezo usizidi picha 30 kwa sekunde, punguza urembo wake kama vivuli na majani, funga kivinjari chenye kurasa ishirini. Mchezo wa zamani unaokwenda vizuri ni bora kuliko mpya unaojikokota.

Kisha kuna vumbi. Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo, volkano iliyoufikia mji mwaka 2002 na kutishia tena mwaka 2021. Vumbi lake jeusi linaingia kila mahali, hata ndani ya feni ya kompyuta. Feni ikiziba, joto linapanda, na prosesa inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kompyuta ya namna hiyo inaanza vizuri na kukwama baada ya robo saa. Haihitaji mrithi, inahitaji kusafishwa. Vilevile, kompyuta ndogo inayotumia betri mara nyingi inapunguza nguvu. Iliyokuwa ikienda vizuri inaweza kuanza kukwama pale tu umeme unapokatika.

Hesabu ya tatu ndiyo inayoumiza mfuko. Anayerusha hategemei kasi ya kupokea bali kasi ya kutuma, na hiyo mara nyingi ni ndogo zaidi. Aipime saa ile ile anayorusha, kwa sababu intaneti ya saa nne asubuhi si ile ya saa mbili usiku. Kisha asitumie yote, aache kama robo ya akiba. Aliyepata megabiti moja na nusu atume kilobiti 1,000 kwa sekunde, siyo zaidi.

Hesabu ya mega nayo ni rahisi. Kilobiti 1,000 kwa sekunde ni karibu mega 450 kwa saa. Kilobiti 3,000 ni giga 1 na mega 350. Kilobiti 6,000, ambazo mabingwa wa Ulaya na Marekani wanazizoea, ni giga 2 na mega 700. Saa moja tu.

Tena anayelipa si mrushaji peke yake. Mtazamaji wa Himbi ao Birere naye ananunua mega, na anaangalia kwenye simu ndogo. YouTube inamtengenezea video za ukubwa mbalimbali achague. Kwa Twitch, chaneli ndogo haina uhakika wa huduma hiyo: bila hiyo mtazamaji anapokea video kama ilivyotumwa, ao anaondoka. Kwa hiyo picha ndogo isiyokatika si aibu ya maskini. Ni heshima kwa mfuko wa mwenzako. Kwenye simu, tofauti kati ya 480 na 1080 haionekani sana, lakini sauti inayokatika kila mtu anaisikia. Kipaza sauti kizuri cha bei ndogo kinafaa kuliko kadi mpya ya picha.

Siyo kila kitu kiko mikononi mwa kijana. Wauzaji wa intaneti wangetangaza wazi kasi ya kutuma, siyo ya kupakua tu. Vituo vya vijana na vyuo vyenye kompyuta nzuri vingefungua mlango jioni moja kwa juma, ili chombo kimoja kihudumie kumi. Na pale mtandao unapokataa kabisa, kurekodi kwanza na kupandisha video usiku, watu wanapokuwa wachache mtandaoni, si kushindwa.

Inawezekana kwamba baada ya kupima, kusafisha na kupunguza, kompyuta bado itashindwa. Hapo ndipo kununua kunakuwa na maana, na mnunuzi atajua anachotafuta. Dunia imezoea kusikia Goma kwa habari za vita. Kijana anayetangaza bao lake kwa Kiswahili bila kukatika, hata kwenye picha ya 360, anaipa habari nyingine.