Ukungu wa ukutani si uchafu wa mpangaji

Mvua ikirudi Bukavu mwezi wa 9, inakaa nasi mpaka mwezi wa 5. Sisi tunaoishi katika vyumba vya kupanga tunajua kinachofuata: madoa meusi nyuma ya kitanda, nguo zenye harufu, madaftari yanayojikunja. Mwaka jana mwenzangu wa chumba, ambaye ana pumu, alikuwa akiketi kitandani usiku kucha akitafuta pumzi. Tulimwita mwenye nyumba. Alitazama ukuta, akasema: «Ninyi wanafunzi hampendi usafi.» Kisha akaleta rangi. Baada ya majuma machache madoa yakatokea juu ya rangi hiyohiyo.

Ninasema hivi: ukungu ni tatizo la maji kabla ya kuwa tatizo la usafi. Mbegu zake, ndogo hazionekani, zimo katika hewa ya kila nyumba, hata iliyo safi. Zinaota pale zinapokuta unyevu. Kwa hiyo swali la kwanza si «nani hakufagia?» bali «maji yanatoka wapi?» Pengine ni bati lililotoboka, pengine ni ukuta uliojengwa ukiegemea udongo wa mlima bila mfereji. Pengine ni sisi: tunachemsha maharagwe na kuanika nguo chumbani huku dirisha limefungwa. Upande huo tujirekebishe. Lakini tusiwashe mbabula ndani ili kukausha chumba; moshi wa makala usioonekana unaua.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili: wanaoishi penye unyevu na ukungu wamo katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua na kuzidiwa na pumu. Dawa yake ya kwanza ni kuondoa unyevu wenyewe.

Kumlaumu mpangaji si desturi ya kwetu tu. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2 alifariki mwezi wa 12 mwaka 2020, na mwaka 2022 uchunguzi rasmi ulithibitisha kwamba ukungu wa nyumbani ndio uliosababisha kifo chake. Baba yake alikuwa amelalamika. Aliambiwa apake rangi, na namna ya kuishi ya familia ikatajwa kuwa chanzo. Ilibidi mtoto afe ndipo sheria ibadilishwe.

Hapa watu wa lugha tuna kazi. Kwa Kiswahili, ukungu ni ule unaofunika ziwa asubuhi, na ni huu wa ukutani. Ule wa ziwa jua linauondoa. Huu hauendi wenyewe. Tukimwambia mwenye nyumba «kuna ukungu», anatujibu juu ya usafi wetu. Tukimwambia «bati linavuja juu ya kitanda», itambidi atujibu juu ya bati.

Najua tunaogopa kufukuzwa katikati ya mwaka wa masomo. Ndiyo maana tuseme mapema, kabla ya kutoa garanti: tusogeze kitanda, tutazame plafo, tuulize nani atatengeneza paa na kwa muda gani, kisha tuyaandike. Kitivo chetu kinaweza kutunga mkataba wa mfano, kwa Kiswahili na Kifaransa, wenye kipengele hicho. Ni ukurasa mmoja tu. Tuuandike kabla ya mwezi wa 9.