Nani Alisema Hija Lazima Ipande Ndege?

Wasee, leo naongea na Wakatoliki wenzangu. Kama wewe si Mkatoliki, karibu pia, vuta kiti, maana mambo ya pesa na presha hayachagui dini.

Kila parokia ya mjini siku hizi iko na lile grupu la WhatsApp. Siku moja mtu anatupa bango: picha ya Basilika la Mtakatifu Petro, bei kwa dola, na chini yake "nafasi ni chache, lipa mapema." 2025 ilikuwa Roma, juu ya Jubilei. Sasa bango limebadilika, ni Seoul, kwa sababu Siku ya Vijana Duniani inafanyika huko Agosti 2027. Na tayari nasikia vijana ambao hata kodi ya nyumba inawatoa jasho wakiulizana hizo doh zitatoka wapi. Mmoja anasema atachukua mkopo. Mwingine anauza laptopu, ile ile inayomlisha.

Msimamo wangu ni huu, na nausema mapema ndio usiseme nilikuzungusha. Hija ya nje ni kitu kizuri. Lakini tumeigeuza kuwa njia ya kuonyesha nani ako nazo na nani hana. Kijana hafai kuingia deni hata la shilingi 1 kwa sababu yake. Na kuna hija kubwa ya nje ambayo kijana Mkenya anaweza kufanya bila kuona uwanja wa ndege.

Tuanze na kitu kidogo ambacho hakuna bango linakuambia: Kanisa halijawahi kukulazimisha. Ndugu zetu Waislamu, Hija kwao ni nguzo ya 5, na bado dini yao inasema wazi ni kwa mwenye uwezo. Mwenye madeni anaambiwa alipe kwanza. Sisi hatuna sheria kama hiyo kabisa. Pitia amri 10 za Mungu, pitia amri za Kanisa, hakuna mahali utasoma "nenda Roma." Sasa inakuwaje sisi ambao hatujalazimishwa ndio tunajilazimisha?

Hata ile Jubilei ya 2025, rehema kamili haikufungiwa Roma. Ungeipata kwenye kanisa kuu la jimbo lako au sehemu nyingine ya hija iliyoteuliwa na askofu, ukitimiza masharti yale yale: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu. Nauli ya matatu tu. Na kama unafikiri Mungu anaanza Ulaya halafu ndio anatukumbuka, soma ya 2015. Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu pale Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, tarehe 29 Novemba, siku kadhaa kabla ya kufungua ule wa Roma. Mji uliokuwa umechoka na vita ndio ulitangulia. Hiyo ni ishara kubwa, lakini kwetu ilipita kama taarifa ya hali ya hewa.

Sasa tuje kwa visa. Ada ya visa ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024. Hiyo ni zaidi ya 12,000 bob, na ukinyimwa hairudi. Mwaka wa Jubilei nilituma maombi kwa ubalozi mmoja hapa Nairobi. Nilipeleka barua ya paroko, taarifa ya benki, bima, kila kitu. Jibu likaja: hawajaridhika kwamba nitarudi nyumbani. Mimi, ambaye mathe wangu yuko hapa, kazi yangu iko hapa, na jumuiya yangu inanidai zamu ya kusoma somo la kwanza. Sawa. Lakini fikiria kijana aliyekopa hizo pesa. Hajaona Roma na bado analipa riba kila mwezi.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Huyu ni wivu, alinyimwa visa." Andika tu. Ukimaliza, nionyeshe ni wapi hesabu yangu imekosea.

Kuna wengine upande ule mwingine, na hawa pia siwaachi. Ni wale wa "Mungu yuko kila mahali, hiyo pesa wangepea maskini." Inasikika tamu sana. Lakini mbona hawasemi hivyo watu wakienda Diani Desemba? Maskini wanakumbukwa tu mtu akitaka kwenda kusali. Yesu mwenyewe akiwa na miaka 12 alipanda Yerusalemu na wazazi wake kwa sikukuu ya Pasaka, na Mungu alikuwa Nazareti pia. Mwili una njia yake ya kusali. Kuna maombi yanatoka tu miguu ikiuma.

Ndio maana nataka tuongee juu ya Namugongo. Kwani Uganda si nje ya nchi? Hii ni hija ya kimataifa, na Mkenya anavuka Busia au Malaba na kitambulisho tu. Hakuna kuulizwa kama utarudi.

Nilienda na basi la usiku. Nilipofika nilikuta watu waliotembea. Wengine walitoka Kenya wiki kadhaa kabla, na kutoka Nairobi hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 600. Nimeona miguu imefungwa vitambaa, nimeona sandali za tairi zimeisha upande mmoja. Watu wanalala nje kwa leso, rozari inapigwa kwa Luganda, Kiswahili, Dholuo, Kinyarwanda, zote kwa pamoja, na hakuna anayemkatiza mwenzake. Mama mmoja kutoka upande wa Kitale aliniuliza, "Kijana, umeleta nini?" Nikamwonyesha begi. Akacheka. "Mzigo sijauliza. Nimeuliza umewaletea mashahidi nini." Yeye alikuwa amemleta mtoto wake mgonjwa, kwa maombi, kilomita zote hizo. Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani hilo ni swali la kujibiwa haraka.

Na hao mashahidi ni kina nani? Ni vijana. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wengi walikuwa watumishi wa ikulu. Lwanga alikuwa na miaka 20 na kitu, na ndiye aliyekuwa akiwakinga wale wadogo dhidi ya mfalme. Kizito alikuwa na kama miaka 14. Hakukuwa na padri karibu usiku ule mambo yalipoharibika, kwa hivyo Lwanga mwenyewe aliwabatiza waliokuwa bado wanajifunza. Mlei. Kijana. Mwafrika. Wakatoliki 22 wakatangazwa watakatifu mwaka wa 1964, na kuna Waanglikana pia waliokufa kwa imani hiyo hiyo. Sasa niambie kwa nini kijana wa Umoja au Kayole anaweza kukutajia makanisa ya Roma na hajui Kizito alikuwa rika la mdogo wake wa shule.

Sichukii Seoul, msinielewe vibaya. Tena Kanisa la Korea lina hadithi inayofanana na yetu. Lilianzishwa na walei. Yi Seung-hun alibatizwa Beijing mwaka wa 1784, akarudi nyumbani akaanza kubatiza wengine, kabla mmisionari yeyote hajakaa huko. Andrea Kim Taegon, padri wao wa kwanza, aliuawa 1846 akiwa na miaka 25. Kwa hivyo kama unazo, za halali, bila deni, nenda Seoul na baraka zetu zote. Lakini ukienda huko bila kuijua Namugongo, Mkorea atakusimulia mashahidi wake na wewe utabaki unatabasamu tu.

Basi kelele zangu zinataka nini? Vitu 4.

Kwanza, parokia ikichangisha pesa ya kupeleka vijana hija, ipigwe kura mbele ya watu. Majina yote kwenye kikapu: yule wa mjengo, yule wa mama mboga, yule asiye na kazi. Tumechoka kuchangia safari ambayo kila mara inaangukia watoto wa walewale wa kamati.

Pili, wakala yeyote anayeingia kwenye grupu letu aandike wazi kabla hajapokea hata senti: visa ikikataliwa, ni pesa gani inarudi na baada ya siku ngapi? Asipotaka kuandika, asiruhusiwe kutangaza. Neno "hija" halimfanyi mfanyabiashara kuwa mtakatifu.

Tatu, maaskofu wetu wadai Siku ya Vijana Duniani ije Afrika. Yohane Paulo wa 2 aliianzisha 1985. Tangu hapo imeenda Buenos Aires, Manila, Paris, Toronto, Sydney, Rio, Krakow, Panama, Lisbon. Afrika, hakuna hata mara moja. Na karibu Mkatoliki 1 kati ya kila 5 duniani ni Mwafrika. Tunaambiwa sisi ndio tumaini la Kanisa, sawa, basi tumaini nalo litembelewe. Wakisema miundombinu, waambieni Namugongo inapokea umati mkubwa kila Juni, na wengi wanafika kwa miguu.

Nne ni yetu sisi. Acheni mikopo. Anza na Subukia kama hujawahi kufika, ni hapa tu Nakuru. Halafu weka kidogo kidogo kwa ajili ya Juni, na mwende kama jumuiya, si mmoja mmoja. Na simu, tafadhali, ikae kwa begi. Mimi naishi kwa kontenti, kwa hivyo siongei kama mtu asiyejua utamu wa kutazamwa. Lakini ukirudi na video 40 na hakuna mtu hata 1 uliyemwombea, hiyo ilikuwa ziara. Ziara si dhambi, ila usiiite hija.

Tarehe 3 Juni haibadiliki. Ongea na mwenyekiti wa vijana Jumapili hii, mwulize mpango uko wapi. Akikutumia bango la dola, mwulize nauli ya Busia.